Upande wa Pili wa Meza

Begi lilikuwa limefungwa tangu Jumapili, limesimama nyuma ya mlango wa chumba na kufuli jipya lililonunuliwa na baba mwenyewe. Lilikuwa begi la Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye jina lake halisi lilikuwa limesahauliwa na kila mtu isipokuwa watu wa vitambulisho. Jumamosi alikuwa apande basi kwenda mji mwingine, safari ya kutwa kucha, akashike kazi ya kusimamia chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Miaka yote ya ujana wake alipiga pasi katika duka la dobi, amesimama hadi miguu ikavimba, mikono ina alama za moto kila mahali. Sasa, kwa mara ya kwanza, angekuwa yeye wa kumwambia mtu arudie kola.

Baba alijivunia kazi hiyo kuliko yeye. Kila aliyepita mlangoni aliambiwa. “Binti yangu anakwenda kuwa bosi,” alisema, na mwenye haraka alicheleweshwa mpaka asikie na habari ya chumba alichopangishiwa, chenye bomba ndani. Mtaani walimwita Mzee Breki, kwa kuwa miaka yote aliyoendesha lori la maji la halmashauri hakuwahi kugonga hata kuku, wala hakuwahi kufika mahali mapema. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Tangu hapo alilala redio ikiwa inasema, akasingizia kwamba anasubiri taarifa ya habari.

Kilichobaki kabla ya safari kilikuwa kitu kimoja kidogo, benki. Kidogo ni neno la watu ambao hawajapanga foleni.

Benki ilikuwa imetuma ujumbe kwa wateja wake wote wa zamani: leteni kitambulisho, picha, barua ya makazi, na mje mhakikiwe kabla ya mwezi kwisha. Asiyehakikiwa, akaunti yake itafungwa. Kadi ya baba nayo ilikuwa imekwisha muda wake, na pensheni yake ilipitia mlango huohuo mmoja. Kaka mkubwa, anayeishi mbali na kupiga simu kila Jumapili baada ya kushiba, alitoa ushauri wake. “Mpeleke tu, ni dakika mbili. Wewe si ndiye uliye hapo?” Kitinda alikuwa ameisikia sentensi hiyo tangu mama alipoanza kuugua, na alikuwa ameichoka kama mtu anavyochoka na kiatu kinachobana.

Jumatatu wakaenda. Baba alivaa shati la mikono mirefu ambalo Kitinda alilinyoosha mpaka likasimama lenyewe. Kila karatasi ilikuwapo. Mhudumu wa dawati la wateja, binti mwenye miwani na heshima zake, alimwamkia mzee shikamoo, akapitia kitambulisho, akapitia barua ya makazi, akachukua alama za vidole. Kila hatua aliitikia “safi kabisa,” na Kitinda akaanza kufikiria chakula cha mchana.

“Sasa mzee wangu, saini yako hapa chini, kama uliyotuwekea siku ile ulipofungua akaunti.”

Baba alishika kalamu. Aliiangalia ile kalamu, akaiangalia karatasi, akamwangalia mwanawe, kisha akaandika kitu kilichofanana na matumbo ya kuku.

Binti wa miwani aliilinganisha na iliyo kwenye kompyuta. Akakunja uso kidogo. “Labda umechoka, mzee. Jaribu tena.” Akajaribu tena. Safari hii yalikuwa matumbo ya kuku mwingine. Ndipo yule binti, kwa nia njema, akageuza kioo cha kompyuta wakione wote. “Hii hapa ndiyo yako. Unaikumbuka?”

Kitinda aliikumbuka kabla ya baba kujibu. Herufi ya kwanza yenye tumbo kubwa, vilima vitatu vya haraka, kisha mkia mrefu unaoshuka na kupinda kulia. Ile ilikuwa kwenye ripoti zake zote za shule, nzuri na mbaya. Ilikuwa kwenye daftari la madeni la duka la mtaani. Ulikuwa mkono wa mama.

Alimtazama baba. Baba alikuwa anatazama dari, anahesabu taa.

Kwenye ngazi za benki, juani, mzee akatoboa siri. Siku waliyokwenda kufungua akaunti alikuwa na bandeji mkono wa kulia, boneti ya lori ilikuwa imemfungia vidole. Karani wa siku hizo, mtu wa masihara, alisema mke na mume ni mwili mmoja, mama naye asaini. Mama akasaini jina la mumewe kwa mbwembwe zake, na baadaye hata ripoti za shule akazisaini hivyohivyo. Vidole vikapona, lakini saini ilikuwa imeshaingia ndani. Basi kila mwisho wa mwezi mama alikaa mezani, akasaini fomu ya kutolea pesa, na baba akaipeleka kaunta. Baadaye kadi zikaja, saini haikuulizwa tena, na wote wawili wakasahau kwamba kulikuwa na kitu cha kusahau.

“Na hamkuwahi kuwaambia?”

“Tungewaambia nini? Pesa ni zangu, mke ni wangu. Nani kaibiwa?”

Kitinda akarudi ndani peke yake, akauliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeulizia habari za jirani. Mzee akitaka kubadili saini? Inawezekana, akaambiwa, ajaze fomu ya kubadili na aisaini kwa saini ya zamani. Akitaka binti yake awe mwakilishi wake? Vizuri sana, fomu ipo, ataisaini kwa saini ya zamani. Dole gumba je? Dole gumba ni kwa asiyejua kuandika, na faili la mzee linasema anajua. Labda aende mahakamani akaape kwamba mkono umeugua, aje na cheti cha daktari. Kitinda akafikiria mikono ya baba, inayotunga uzi kwenye sindano bila miwani, akashukuru, akatoka.

“Tuwaambie ukweli,” alimwambia baba njiani. “Twende kwa wakili, useme aliyesaini ni mama.”

Baba akasimama katikati ya njia. Mtu wa mkokoteni ikabidi ampite kwa pembeni. “Mama yako yuko kaburini, na mimi niende nikaape kwamba alighushi? Niandikishe hivyo, na muhuri juu? Hapana, mwanangu. Hata akaunti ikifungwa, hapana.”

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jioni ile Kitinda alifuta meza, ile yenye kitambaa cha mpira cha maua na alama ya sufuria, akachana kurasa za kalenda ya mwaka uliopita, akaziweka upande mweupe juu. Akatafuta ripoti yake ya darasa la sita, ile aliyoshika nafasi ya mwisho kwenye hesabu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai ili baba aone mfano. Kama mama alisaini kwa niaba ya baba, baba naye atajifunza kusaini kama mama. Mbona watoto wa chekechea wanajifunza.

Lakini mzee hakuwa mtoto wa chekechea, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Herufi ya kwanza ilimtoka imekonda. Vilima vikawa viwili, vikawa vitano. Mkia ulikwenda juu badala ya chini. “Kama naandika kwa miguu,” alinung'unika mwenyewe, na Kitinda akacheka bila kutaka. Jumanne ikawa hivyo asubuhi na jioni. Baba alisaini kwenye kalenda, kwenye gazeti, kwenye bahasha. Kitinda alimshika mkono kama mama alivyomshika yeye zamani, akamwongoza, na akimwachia tu mkono unapotea njia.

Jumatano asubuhi, kwa kuchoka, alichukua kalamu mwenyewe. “Tazama, baba. Hivi.” Akaandika bila kufikiri.

Ilitoka mara ya kwanza. Si sawa kabisa, maana Kitinda anatumia mkono wa kushoto na mkia ulipinda kushoto kidogo, lakini mengine yote yalikuwa yaleyale, tumbo, vilima, na ile haraka ya mtu mwenye sufuria jikoni. Baba akaigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, asiifute.

“Huyo hapo mama yako,” akasema.

Kitinda alihisi vitu viwili kwa pamoja. Kwanza alimkumbuka mama. Kisha akaogopa. Alikiona kitu kinakuja, hakukipa jina, akaondoka haraka kwenda kurudisha ufunguo wa duka la dobi na kuwaaga wenzake. Walimpa khanga na maneno mengi. Aliporudi, baba alikuwa amekwisha kunywa chai na karatasi zote zimepangwa vizuri, kalamu juu yake.

“Umejaribu tena?”

“Nimejaribu,” baba akasema, akaongeza sauti ya redio.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Benki ilijaa mpaka mlangoni, wazee kwa wajukuu, kila mtu na bahasha yake kifuani. Feni moja ilizunguka, nyingine ilikuwa mapambo. Walipofika kwenye dawati, binti wa miwani alikuwa amepoteza sauti na subira, lakini heshima alibaki nayo. Alisukuma fomu mpya mbele yao. Taratibu zinasema mteja asaini mbele ya mhudumu. Yeye aliitazama foleni, akawatazama hawa wawili. “Kaeni pale kwenye benchi, jazeni, mzee asaini, mniletee. Nikimaliza na huyu bibi nawachukua.”

Wakakaa kwenye benchi, mgongo kwa ukuta. Kitinda akajaza majina na namba. Kisha akaweka fomu juu ya paja la baba, juu ya bahasha ngumu, akampa kalamu.

“Usiwe na haraka, baba. Vuta pumzi. Tumbo, vilima vitatu, mkia.”

Baba alikaa na kalamu kwa muda mrefu. Akaisukuma karatasi, akaizungusha nusu, kisha akairudisha ilivyokuwa. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mdomo wa juu. Kitinda alimwombea kimya kimya, aliomba kwa nguvu kama anavyoomba mtu aliye juu ya mti. Fanya, baba. Fanya hii moja tu, mimi niende.

“Siwezi, mwanangu,” baba akasema. Akampa kalamu.

Hakuna aliyekuwa anawatazama. Bibi wa mbele alikuwa anatafuta miwani yake ndani ya mkoba mkubwa. Baba akainama mbele kama anayefunga kamba za viatu, na nyuma ya mgongo wake mpana Kitinda akasaini. Mkia ukapinda kushoto kuliko hata juzi.

Binti wa miwani aliilinganisha kwa muda ambao Kitinda hakupumua. “Huku mkia ulikwenda kulia,” akasema, “hapa umekwenda kushoto.” Akamtazama mzee, mvi zake, shati lake lililonyooka. Akatabasamu. “Lakini ni umri, mzee wangu. Mengine yote ni yaleyale. Nitafanya hivi nikusaidie: naipiga picha hii ya leo, ndiyo tutakayokuwa tunalinganisha nayo. Ile ya zamani naifuta kwenye mfumo, isije ikakusumbua tena.”

Akabonyeza. Baba akafumba macho kidogo, kama mtu aliyepigwa na mwanga.

“Safi kabisa. Sasa kwa wastaafu kuna utaratibu mpya,” binti aliendelea, akipiga muhuri. “Kila mwezi kabla pensheni haijaingia, mzee atapita hapa kusaini uhai.”

“Kusaini nini?” Kitinda akauliza.

“Uhai. Kwamba yupo. Saini tu, dakika moja. Na kadi yake itachelewa, kwa hiyo kutoa pesa atakuwa anasaini kaunta. Muhimu ni saini ifanane na hii. Isipofanana, mfumo unafunga wenyewe, hata mimi siwezi kuufungua.”

Nje kulikuwa na kibanda cha soda chenye benchi. Kitinda alimkalisha baba, akasogea hatua chache, akapiga simu hotelini, aombe siku moja kila mwezi ya kuja kumsainia. Meneja wa vyumba, mama mwenye maneno machache, alimsikiliza mpaka mwisho. Kuomba ruhusa kila mwezi, mtu ambaye hajaanza kazi? Miezi sita ya kwanza hakuna ruhusa hata ya msiba wa jirani. “Jumatatu asubuhi uwe hapa, au useme sasa hivi nimwite anayefuata.”

Kitinda alimtazama baba akinywa soda kwa mrija, ameshika chupa kwa mikono miwili. Alifikiria akaunti kufungwa, na baba akiomba chumvi kwa majirani. Alifikiria kaka, ambaye angesema wewe si ndiye uliye hapo.

“Mwite anayefuata,” akasema.

Hakulia. Alilipa soda, wakatembea kurudi nyumbani, na baba akasalimia watu njia nzima. Hakumwambia yeyote habari ya bosi.

Kitinda akachemsha chai kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Baba alikaa mahali pake mezani, mgongo kwa dirisha, alipokaa siku zote. Kitinda alisimama ng'ambo ya meza, akamimina, chai ikamwagika kidogo kwenye mpira wa maua. Alipokuwa anamsimulia maneno ya yule meneja, baba alikuwa anaitikia “mh, mh,” macho yakiwa mbali, kidole kinacheza kwenye chai iliyomwagika.

Kidole kilichora tumbo kubwa. Kikachora vilima vitatu bila kusita. Kikashusha mkia mrefu na kuupindisha kulia.

Kitinda akaacha kusema. Saini ilikuwa imesimama wima mbele yake, imemwelekea yeye, inasomeka kama ripoti ya shule. Baba alikuwa ameiandika kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake.

Mzee akashtuka, akaifuta kwa kiganja.

“Rudia, baba.”

“Nini?”

“Hiyo. Rudia.”

Baba alichovya kidole kwenye kikombe chake mwenyewe, akarudia. Ilikuwa ileile, hakuna hata unywele uliopungua.

“Mama yako alikuwa anakaa hapo uliposimama,” akasema taratibu. “Mimi nakaa hapa, nasubiri nipewe fomu. Miaka yote ile niliiona imepinduka. Ndivyo ninavyoijua. Juzi ulipokwenda kwa dobi nikageuza karatasi. Ikatoka yenyewe.”

“Juzi.”

“Juzi.”

“Na leo, kwenye benchi?”

Baba akatazama kikombe. “Ningesaini, kesho ungepanda basi.”

Hasira ilimpanda Kitinda mpaka masikio yakaziba. Aliweka birika chini kwa sababu aliogopa atakachofanya nalo. “Umenunua kufuli la begi langu, baba. Umetangaza mtaa mzima. Ungeyanyamazia hayo. Ungeniambia tu nibaki.”

“Ningekuambia, ungebaki?”

Alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo, akataka kusema hapana, akagundua kwamba hajui, na hilo likamuuma kuliko udanganyifu wenyewe. Redio ya chumbani ilikuwa inasoma bei za mazao, haina anayeisikiliza.

“Basi sikia,” akasema. “Mwezi ujao utakwenda, utageuza karatasi mbele ya yule binti, utasaini mwenyewe. Na mimi nitatafuta kazi nyingine. Nitaondoka, baba. Nakwambia kabisa.”

Baba alikuwa anaitazama saini ya chai ikikauka, na uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama wa mtu aliyepapasa mfuko akakuta umetoboka.

“Mkia,” akasema.

“Mkia gani?”

“Wa kwangu unakwenda kulia. Wa mama yako. Ule wameufuta.” “Nilikaa pale nikamwona akibonyeza. Sasa walio nao ni wako, unaokwenda kushoto.”

Ndipo Kitinda naye akaelewa, akashika ukingo wa meza. Machozi yalimtoka baba bila sauti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakusingizia mafua. Alikuwa ametega mtego wa mtu mmoja, akaingia na yeye, na marehemu akatolewa nje.

Kisha mzee akajifuta kwa mkono wa shati zuri, akavuta ukurasa mmoja wa kalenda, akausukuma ng'ambo ya meza pamoja na kalamu.

“Kaa, mwanangu,” akasema. “Saini yako, niitazame. Nitajifunza.”

“Ile ya mama ilikuchukua muda gani?”

Baba akaisogeza kalamu karibu naye. Begi lilionekana kutoka pale, nyuma ya mlango, kufuli lake likimetameta. Kitinda alivuta kiti cha mama, ambacho tangu mwaka jana kilikuwa cha kuwekea nguo za kupiga pasi, akazihamisha nguo, akakaa. Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto.

“Pole pole,” baba akasema, ameinama mbele. “Nione unavyoanza.”